Kurudisha uoto wa asili kwenye ushoroba wa mjini uliofyekwa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ushoroba wa wanyama mjini ni ukanda mwembamba wa uoto unaounganisha vipande vya makazi vilivyobaki: kingo za mto, pembezoni mwa reli, mkuza wa bomba au wa nyaya za umeme, bonde ambalo halijengeki. Ukifyekwa katikati, hata kwa urefu wa mita 100 tu, kunguru na panya wataendelea kupita kama kawaida. Wanaokwama ni wale waliouhitaji zaidi: ndege wadogo wa vichakani wasiothubutu kuvuka uwazi, mijusi, vyura, konokono, vipepeo wanaotaga kwenye aina moja tu ya mmea. Kwao mita 100 za nyasi fupi zilizochomwa na jua ni sawa na ukuta.

Anayeliona eneo kama hilo hukimbilia kuagiza miche. Subiri. Ardhi iliyofyekwa mara nyingi haiko tupu kama inavyoonekana: chini kuna visiki vyenye uhai, mizizi inayoweza kuchipua, na mbegu zilizolala udongoni. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuondoa kinachouzuia uoto usirudi. Kupanda ni kwa pale ambapo hakuna kilichobaki cha kurudi. Na kuna kanuni moja itakayojirudia karibu katika kila hatua hapa chini: usifungue eneo usiloweza kulirudia kulipalilia. Mita za mraba 500 zilizotunzwa kwa miaka mitatu zina faida kuliko hekta nzima iliyopandwa kwa siku moja ya shamrashamra kisha ikaachwa.

Hatua ya 1: Jua palifyekwa kwa nini

Uliza ardhi ni ya nani, nani alifyeka, na kwa sababu gani. Kama palifyekwa kupisha bomba, nyaya au maji ya mafuriko, watafyeka tena, na watakuwa na haki. Pata kibali cha maandishi chenye mambo manne: kimo cha juu kabisa cha mimea chini ya nyaya, umbali wa miti kutoka kwenye mabomba na mifereji, mahali magari ya matengenezo yatakapopita, na nani anakata nyasi, lini, anaishia wapi. Omba pia ramani ya mabomba na nyaya za chini ya ardhi kabla jembe halijagusa udongo. Chini ya nyaya za umeme usibishane na masharti. Vichaka vya mita 2 na nyasi ndefu humpitisha ndege mdogo na mjusi vizuri kabisa, na havitakatwa.

Hilo la mkata nyasi ndilo linaloangamiza kazi nyingi. Mche wa sentimita 30 uliozama kwenye majani hauonekani na mtu aliyeketi kwenye trekta. Weka mpaka anaouona: vigingi vya mita 1.2 kila baada ya mita 5, vichwa vimepakwa rangi kali, au mstari wa magogo mazito. Kisha kutana na msimamizi wa wakataji uso kwa uso, na urudie mazungumzo hayo kila mkandarasi anapobadilishwa.

Hatua ya 2: Tembea, chimba, pima

Tembea ukanda wote mara mbili, mara moja kiangazi na mara moja wiki chache baada ya mvua kuanza. Chora ramani ya mkono na ugawe eneo katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni palipo pazima: mimea ya asili imeshika zaidi ya nusu ya ardhi. La pili ni pamechanganyika: ya asili ipo, lakini magugu yanaizidi. La tatu ni pameharibika: kifusi, udongo wa kuletwa, nyasi za kupandwa, au magugu matupu. Mpangilio wa kazi yote utatoka kwenye ramani hii.

Tafuta pia eneo la mfano: kipande cha karibu chenye udongo na mwinuko unaofanana, ambacho hakijaguswa sana. Orodhesha mimea yake kwa tabaka: miti mirefu, miti midogo, vichaka, nyasi na mimea ya chini, mitambaazi. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia urudishe nini. Usidhani kila mahali palikuwa msitu. Kama zamani palikuwa nyika ya nyasi au kinamasi, kujaza miti ni uharibifu wa pili: kivuli kitaua nyasi za asili na viumbe vinavyozitegemea.

Vipimo vinne vya udongo havihitaji maabara.

Cha kwanza, ugumu. Chukua nondo ya milimita 10 na uisukume kwa mkono ardhini siku moja au mbili baada ya mvua. Ikigoma kabla ya sentimita 15, udongo umeshindiliwa na mitambo. Ikifika 30, usiuguse.

Cha pili, upitishaji wa maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji, liache liishe usiku kucha, lijaze tena asubuhi na upime maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Chini ya sentimita 2.5 kwa saa, miche mingi itaoza mizizi isipokuwa ya maeneo ya majimaji. Zaidi ya sentimita 10, udongo haushiki maji na ratiba ya kumwagilia lazima iwe kali zaidi.

Cha tatu, aina ya udongo. Jaza theluthi ya chupa angavu kwa udongo, ongeza maji hadi karibu na mdomo, tikisa kwa nguvu, acha saa 24. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, tope laini ndani ya saa chache, mfinyanzi hukawia siku nzima au zaidi. Soma unene wa kila tabaka kwa rula.

Cha nne ndicho chenye thamani kubwa na ndicho kinachorukwa: benki ya mbegu, yaani mbegu zilizolala udongoni. Kwenye kila daraja chukua udongo wa juu, sentimita 5 tu, kutoka sehemu kumi tofauti, uchanganye, uutandaze kwenye trei kwa unene wa sentimita 2, na uuweke mahali penye nuru lakini si jua la mchana, ukiwa na unyevu muda wote kwa wiki 6 hadi 8. Hesabu kinachoota, ukitenga ya asili na magugu. Weka pembeni trei moja yenye mchanga uliochemshwa ili ujue mbegu zinazopeperushwa na upepo. Trei ikijaa miche ya asili, umeokoa gharama ya kupanda eneo hilo. Ikijaa magugu matupu, umeonywa kitakachotokea siku ukiutifua udongo ule.

Hatua ya 3: Maji kwanza, kisha udongo

Palipo na korongo au mdomo wa mfereji wa mvua, tengeneza hapo kabla ya jambo lolote, kwa sababu dhoruba moja inaweza kuzoa msimu mzima wa kazi. Kwenye mdomo wa mfereji, tandika mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu na makubwa zaidi, yenye kingo kali yanayoshikana, kuvunja nguvu ya maji. Kwenye korongo dogo jenga vizuizi vya mawe, katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 15 au zaidi. Ukivisawazisha juu, maji yatazunguka pembeni na kula kingo. Nafasi kati ya kizuizi na kizuizi ni hii: kitako cha kilicho juu kilingane kimo na pale katikati maji yanapovukia juu ya kilicho chini. Kingo tupu zifunike kwa wavu wa katani au nyuzi za nazi, uliobanwa kwa vigingi vya mti. Usitumie wavu wa plastiki. Nyoka na mijusi hunasa humo wakafa.

Udongo ulioshindiliwa utifue kwa sururu au jino la trekta hadi sentimita 30–50, kwa kufuata kontua, yaani mistari ya kimo sawa inayokata mteremko. Ufanye ukiwa mkavu kiasi, upasuke vipande. Mfinyanzi uliolowa haupasuki, hupakwa kama plasta na kuwa mgumu zaidi. Usitifue karibu na mti uliosimama. Pima kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.4, kizidishe mara 12, na umbali utakaoupata, kutoka kwenye shina kwenda kila upande, usiguswe na chuma.

Jizuie kuongeza mbolea na kuleta udongo mweusi. Mimea mingi ya asili imezoea udongo duni, na rutuba ya ziada huwalisha magugu, ambayo ndiyo yanayojua kuitumia haraka. Udongo wa kuletwa huja na mbegu zake. Pale ambapo miaka ya takataka, samadi ya mbwa na majani ya bustani imerutubisha tabaka la juu, na trei zako zimeonyesha magugu matupu, dawa ni kinyume chake: kwangua sentimita 5 hadi 10 za juu na uziondoe.

Hatua ya 4: Magugu, kutoka pazima kwenda palipoharibika

Silika inakutuma kwenye kichaka kibaya kuliko vyote. Ikatae. Dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, walianza miaka ya 1960 kung'oa magugu kwa mkono kwenye misitu ya mji wao, na mbinu inayobeba jina lao ina kanuni tatu: anza palipo pazima uelekee palipoharibika, vuruga udongo kidogo iwezekanavyo, na usiende haraka kuliko mimea ya asili inavyorudi. Sababu yake ni ya kimaumbile. Magugu mengi ni mimea ya ardhi iliyovurugwa. Ukifungua uwazi mkubwa mbali na mimea ya asili, umewatandikia mkeka. Ukifungua uwazi mdogo kando ya mimea ya asili, mbegu na mizizi ya asili iko tayari kuuziba.

Kwa hiyo kwenye daraja la kwanza ng'oa gugu mojamoja, udongo ukiwa na unyevu, kwa kisu chembamba, ukirudisha majani makavu mahali pake na kuukanyagia udongo. Kisha panua kwa ukanda wa mita 2 hadi 4 kuingia daraja la pili. Simama hapo hadi paote.

Vichaka vigeni vinataka mpango. Lantana hufanya ukuta wa miba wenye kivuli kizito, na ndege husambaza mbegu zake. Lakini kwenye ukanda uliofyekwa ukuta huohuo huenda ndio maficho pekee waliyobaki nayo ndege wadogo. Usiondoe wote kwa mkupuo. Ondoa theluthi moja kwa mwaka kwa vipande vilivyotawanyika, na usiguse theluthi ya pili mpaka vichaka vya asili vilivyofuata vimefika kifuani. Kagua viota kabla ya kila kipande. Kukata kwa panga peke yake ni kuipogoa lantana: huchipua upya kutoka shingo ya mzizi. Chimba shingo yote itoke, ning'iniza kisiki mizizi ikiwa juu kikauke.

Lusina, na miti mingine inayochipua kwa nguvu, kisiki chake kikiwa kinene kuliko mkono hakitolewi kwa sururu bila kufumua nusu ya bonde. Hapo watu wengi hutumia dawa kwa njia ya kukata na kupaka: kata shina usawa wa sentimita chache toka ardhini, pangusa vumbi, na upake dawa yenye glaifosati kwa brashi kwenye pete ya nje ya mti iliyo chini ya gome, ndani ya nusu dakika. Ukichelewa jeraha huanza kujifunga na dawa haishuki mizizini. Soma kibandiko na ukifuate, vaa glovu na miwani, usipake mvua ikiwa karibu. Karibu na maji tumia tu aina iliyoruhusiwa kwa maeneo ya maji. Michanganyiko ya kawaida ya dawa hii ina viambato vya kuifanya ishike jani, na hivyo vina sumu kwa viluwiluwi. Mbegu za lusina hubaki hai udongoni kwa miaka mingi, hivyo panga kurudi, kila baada ya wiki 4 hadi 6 msimu wa mvua, kung'oa miche kabla haijafika kimo cha goti.

Kwenye daraja la tatu lenye nyasi vamizi, lowesha udongo, funika kwa nailoni angavu, fukia kingo zake zote, uache wiki 4 hadi 6 katika miezi ya jua kali zaidi. Joto huua mizizi ya juu na mbegu, pamoja na za asili, kwa hiyo usifanye hivi mahali ambapo trei zako zilionyesha uhai. Pembeni pasipo na jua la kutosha, maboksi ya karatasi yaliyopandana, yaliyotolewa gundi za plastiki, chini ya sentimita 10 za matandazo, hufanya kazi hiyo kwa miezi 4 hadi 6.

Neno kuhusu “ugeni”. Nyasi aina ya kikuyu ni mmea wa asili wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, lakini Australia ni gugu linalosumbua sana. Lantana ina kwao Amerika ya kitropiki. Usitumie orodha ya magugu ya nchi nyingine bila kuikagua upya mmea kwa mmea.

Hatua ya 5: Mbegu na miche

Kwa kila spishi, kusanya kutoka mimea mama 20 au zaidi, iliyotawanyika, isiyo majirani. Mimea jirani mara nyingi ni ndugu, na kizazi kitakachotoka kwao kitakuwa dhaifu. Usichukue zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mbegu za mmea mmoja. Tumia mifuko ya karatasi au kitambaa, kwa maana ndani ya nailoni mbegu huvuja jasho na kuota ukungu. Andika papo hapo spishi, mahali, tarehe na idadi ya mama.

Matunda yenye nyama yaoshe hadi mbegu iwe safi, kwani nyama ya tunda mara nyingi huizuia kuota. Mbegu ngumu za jamii ya kunde mwagie maji yaliyoepuliwa tu kwenye moto, ziache humo saa 12 hadi 24 zipoe na kuvimba. Zisizovimba zirudishie. Mbegu kubwa zenye unyevu za miti ya msituni hazihifadhiki. Zipande ndani ya siku chache, usizianike.

Miche bora ni midogo: kimo cha sentimita 20 hadi 40, shina gumu, mizizi imejaza kiriba bila kuzunguka. Mti wa mita 2 wa kununua unapendeza kwenye picha, lakini mizizi yake ilikatwa au ilijizungusha, na mche mdogo mara nyingi huupita baada ya miaka michache. Viriba visivyo na matundu ya kutosha, au vilivyokaa chini ardhini muda mrefu, hutoa mizizi iliyojikunja. Mti wa namna hiyo husimama miaka mitano kisha huangushwa na upepo. Wiki 4 kabla ya kupanda, punguza kivuli na maji kidogokidogo ili miche ikomae. Safisha viatu na jembe kwa brashi na spiriti ya asilimia 70 unapotoka eneo moja kwenda jingine. Magonjwa ya mizizi kama fitofthora husafiri kwenye tope la viatu.

Hatua ya 6: Mpangilio na idadi

Chukua ukanda wa mita 100 kwa 20, yaani mita za mraba 2,000. Miti kila mita 5 ni 80. Vichaka kila mita 2 ni 500. Nyasi na mimea ya chini, mashina 6 kwa mita ya mraba, lakini kwenye asilimia 15 tu ya eneo, kwa mabaka ambayo yatajieneza, ni 1,800. Jumla 2,380. Ongeza asilimia 15 ya fidia ya itakayokufa, upate kama 2,740. Kisha punguza: toa kila sehemu ambapo chipukizi za asili zimejitokeza zenyewe. Kwenye daraja la pili upunguzaji huo unaweza kufika nusu.

Ipo pia mbinu ya Akira Miyawaki, mtaalamu wa mimea wa Japani, ya kusongamanisha miche 3 hadi 5 kwa mita ya mraba ili ipigane kwenda juu. Inafunga mwavuli wa majani haraka na inafaa vipande vidogo vilivyokuwa msitu. Kwa ukanda ule ule ingedai miche isiyopungua 6,000, na haifai kabisa palipokuwa nyasi au chini ya nyaya.

Usipande kwa mistari. Panda kwa vikundi vya 5 hadi 9 vya spishi moja, na kati ya vikundi acha uwazi mdogo usiozidi mita chache, ambao mjusi ataotea jua. Ukanda mwembamba wote ni ukingo: upepo, mwanga na mbegu za magugu huingia kutoka pande mbili. Kwa hiyo pande za nje panda vichaka vilivyosongamana, umbali wa mita 1 hadi 1.5, vyenye majani hadi chini, na miti iwe ndani. Hakikisha vichaka vya miba vimo. Ndio usalama wa viota dhidi ya paka. Angalia kalenda ya maua na matunda ya orodha yako, mwezi kwa mwezi. Mwezi usio na chochote ndio mwezi wanyama watakaohama, na spishi ya kuuziba ina haki ya kupewa nafasi zaidi ya idadi yake kwenye eneo la mfano.

Watu watakatiza, panda usipande. Angalia njia waliyokwisha kuikanyaga, uihalalishe kwa upana wa mita 1.2, na upande miba pembeni yake. Kuifunga ni kutengeneza njia tatu mpya.

Hatua ya 7: Siku ya kupanda

Panda mvua zikishaanza kweli, unyevu ukiwa umeshuka hadi sentimita 20 au 30. Mvua ya kwanza hudanganya. Loweka viriba kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya kiriba na kina kilekile, na uchanechane kuta zake kwa ncha ya jembe. Kwenye mfinyanzi, shimo lililokatwa laini huwa chungu: mizizi huzunguka ndani yake bila kutoka. Chana kiriba, kitoe chote. Mizizi inayozunguka chini ikate kwa kisu. Shingo ya mzizi ilingane na uso wa ardhi, isizikwe. Rudisha udongo uleule, shindilia kwa viganja si kwa kisigino, tengeneza kisahani, mwagilia lita 5 hadi 10 hata kama mvua inanyesha, ili mifuko ya hewa izibike.

Matandazo yawe na unene wa sentimita 7 hadi 10, kuzunguka kwa nusu mita, yasiguse shina: acha sentimita 5 hadi 10 wazi. Vipande vya mbao mbichi viwekwe juu tu. Vikichanganywa na udongo huvuta naitrojeni na mche hugeuka njano. Na pale ambapo mbegu za asili zinaota zenyewe, usitandaze chochote, utazizika.

Nyasi za asili ni rahisi kwa mbegu. Changanya sehemu moja ya mbegu na kumi za mchanga wenye unyevu ili uone ulipomwaga, reki kidogo, kanyaga. Sisimizi hubeba mbegu zilizoachwa juu, hivyo mwaga usiku wa kuamkia mvua ukiweza.

Hatua ya 8: Vitu visivyoota

Ukanda uliopandwa leo hauna mti mzee, hauna gogo lililooza, hauna jiwe. Viumbe wengi wanahitaji hivyo kuliko majani. Leta magogo yenye unene wa sentimita 20 na zaidi, uyafukie theluthi ili yashike unyevu chini, moja kila mita 10 hivi, yasifungiwe na magugu. Rundika mawe yenye nafasi kati yake upande unaopata jua la asubuhi. Mti uliokufa ukiwa imara na mbali na njia ya watu, uache usimame.

Mashimo ya miti huchukua miongo mingi, kwa spishi nyingine zaidi ya karne, kujitengeneza. Masanduku ya viota huziba pengo hilo. Mbao ziwe nene, milimita 20 au zaidi, zisizo na rangi ndani, mlango usielekee jua la alasiri, sanduku liwe mita 3 hadi 5 juu, na lifungwe kwa namna inayolegezwa mti unaponenepa. Ukubwa wa tundu ndio unaochagua mpangaji. Sanduku lisilokaguliwa kila mwaka huishia kuwa makazi ya ndege wavamizi.

Taa za barabarani hukata ushoroba usiku kama fyekeo. Baadhi ya popo hawavuki mwanga, na wadudu wa usiku aina ya nondo huzunguka taa hadi kufa. Omba taa zifunikwe zimulike chini, rangi ya manjano isiyozidi Kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga), na zizimwe au kufifishwa usiku wa manane. Kwenye uzio wa majirani, tundu dogo chini linatosha: kwa kalunguyeye wa Uingereza hutumika sentimita 13 kwa 13, na mbwa wengi hawapiti hapo. Penye kalavati chini ya barabara, panga mawe upande mmoja yafanye ngazi kavu maji yakijaa, na upande vichaka hadi mdomoni kabisa, kwa sababu mnyama mdogo hatatembea mita 10 za uwazi ili aingie kwenye shimo la giza.

Hatua ya 9: Kurudi, tena na tena

Pasipo mvua, mwagilia lita 10 kwa mche mara moja kwa wiki kwa wiki 8 hadi 12 za mwanzo, kisha acha. Maji kidogo ya kila siku huivuta mizizi juu, na kiangazi kikija haina pa kushika. Palilia duara la nusu mita kuzunguka kila mche. Mwaka wa kwanza pangilia ziara 8 za kupalilia, wa pili 4, wa tatu 2 au 3. Ukikosa nguvu za kutosha, okoa kwanza daraja la kwanza na uache la tatu lisubiri. Kama huwezi kung'oa gugu, angalau likate kichwa kabla halijakomaza mbegu.

Mche ukifa, uchimbue kabla ya kuweka mwingine. Mizizi inayozunguka umbo la kiriba: kosa la kitalu. Mizizi mizima lakini haijatoka ndani ya shimo: udongo umeshindiliwa au kuta zilikuwa laini. Mizizi myeusi yenye harufu: maji yamesimama, badilisha spishi. Shina limeguguniwa usawa wa ardhi: panya chini ya matandazo yaliyosogezwa karibu mno. Limekatwa sawasawa na kwa kimo kilekile mstari mzima: rudi hatua ya 1. Mwisho wa mwaka wa kwanza asilimia 80 iliyo hai ni matokeo mazuri. Chini ya 60, usipande tena mpaka chanzo kijulikane.

Piga picha kila baada ya miezi 3 kutoka vigingi vilevile, kamera ikielekea upande uleule. Weka fremu ya mita 1 kwa 1 sehemu kumi kwa kila daraja na uandike asilimia ya mimea ya asili, magugu na udongo wazi. Hesabu ndege kwa dakika 20 alfajiri, mahali palepale. Kwa wanaotembea chini, tandaza mchanga laini upana wa mita 1 kukata ukanda, ulainishe jioni, usome nyayo asubuhi. Nyayo pande zote mbili za kipande kilichofyekwa lakini si katikati yake zinakuonyesha mahali hasa pa kuongeza vichaka.

Fremu za ukingoni mwa daraja la kwanza zikionyesha mimea ya asili juu ya asilimia 70 kwa misimu miwili mfululizo, ng'oa vigingi vya mpaka (si vya picha) na uvisogeze mita 4 kuingia daraja la pili.